Maleba ya mashindano hushonwa, hayanunuliwi

Mhariri,

Nakuomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu mzazi aliyeandika majuma mawili yaliyopita akilalamika kwamba mashindano ya maleba, yale yanayofanywa katika makongamano ya mashabiki wa vibonzo, filamu na michezo ya kompyuta hapa Nairobi, ni mashindano ya pesa, na kwamba mwanawe alishindwa kwa sababu wenzake wana wazazi wanaoweza kuwaagizia mavazi kutoka ng'ambo. Uchungu wake naujua na sitaki kuudharau. Maelezo yake ndiyo yanayonitatiza, kwa kuwa mimi ni fundi cherehani, nimeikalia kazi hii miaka 23, kwanza Mombasa na sasa Nairobi, na tangu mwezi wa Aprili maandalizi ya mashindano hayo yamekuwa yakifanyika dukani mwangu, mbele ya macho yangu, mikononi mwa kijana wa kaka yangu ambaye atapanda jukwaani majuma matatu kutoka leo.

Yafaa kwanza nieleze jinsi mashindano yenyewe yanavyoendeshwa, maana wengi wetu huona picha za mwisho tu: kijana amevaa mabawa, watu wanapiga makofi. Mchezo huu, ambao vijana huuita kosplei kwa neno lililoundwa katika miaka ya 1980 na Mjapani aitwaye Nobuyuki Takahashi, humtaka mtu awe mhusika fulani kwa mavazi, kwa vifaa na kwa mwenendo. Mashindanoni, jukwaa ni nusu tu ya shughuli, na kwa macho ya fundi ndiyo nusu ndogo. Kabla ya jukwaa kila mshindani huingia katika chumba cha ukaguzi, akasimama mbele ya waamuzi kwa dakika chache, akaulizwa namna alivyokitengeneza alichokivaa. Huko waamuzi hupindua upindo. Huchungulia ndani ya mkono wa nguo kuona kama kingo za mshono zimefungwa au zinachambuka, huuliza rangi ilipakwa mara ngapi na juu ya nini, hulinganisha vazi na picha ya mhusika aliyoileta mshindani, na huomba kuona picha za kazi ilipokuwa ikiendelea. Mwenye vazi la kununua hukosa la kusema hapo. Kanuni tulizopewa sisi zinasema wazi kwamba sehemu kubwa ya vazi iwe kazi ya mikono ya mshindani mwenyewe, na sharti hilo si letu peke yetu. Hata katika mashindano ya dunia ya Nagoya, Japani, yaliyoanza mwaka 2005 na ambayo washindani huingia wawili wawili, mavazi hutakiwa yawe yametengenezwa na washindani. Huenda basi mwana wa mwandishi yule hakushindwa na pesa za wenzake, bali alishindwa katika chumba kile, mbele ya swali ambalo hakuna aliyemwandaa kulijibu.

Kijana wetu aliyajua haya kwa kuumia. Mwaka jana aliingia akiwa shujaa wa katuni moja ya Kijapani, amevaa deraya, yaani vazi la vita, aliyoiunganisha kwa siku mbili kutokana na ile mikeka ya sponji ngumu wanayotandikiwa watoto wachanga, na gundi ya mafundi viatu. Gundi hiyo ina adabu yake: hupakwa pande zote mbili, ikaachwa dakika kumi au kumi na tano mpaka isinate kidoleni, ndipo pande zikakutanishwa mara moja bila kurudiwa. Yeye alibandika ikiwa mbichi. Bega la kulia lilianguka kwenye ngazi ya pili ya jukwaa, likaokotwa na mtangazaji, na mtoto akamaliza zamu yake akiwa amelishikilia la kushoto kwa mkono. Nyumbani tulicheka, yeye hakucheka.

Mwaka huu alikuja na neno jipya: atakuwa Liyongo. Wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa Fumo Liyongo ni nani, lakini kwa wengine nitasema kwa ufupi kwamba ndiye yule jitu, mpiga upinde na malenga wa masimulizi ya Pate na Ozi, aliyefungwa gerezani na mtawala aliyemhusudu, akaomba apigiwe ngoma ya gungu kabla ya kuuawa, na chini ya kelele za ngoma hiyo akakata pingu zake kwa tupa iliyopenyezwa ndani ya mkate wa wishwa. Ambaye hapana silaha iliyomdhuru ila sindano ya shaba kitovuni. Na ambaye, alipochomwa sindano hiyo na mwanawe wa kumzaa, aliinuka na upinde wake, akaenda kisimani, akapiga goti, akatia mshale, akafa vivyo hivyo alivyo, na mji mzima ukakaa na kiu siku kadhaa kwa kuiogopa maiti. Kaburi lake huonyeshwa hadi leo huko Ozi, karibu na Kipini. Nilimwambia ni wazo zuri. Sikujua litatugharimu nini.

Ugumu wa kwanza haukuwa wa sindano wala wa mkasi. Fomu ya usajili ilidai picha za mhusika kutoka mbele, nyuma na ubavuni. Mhusika wa katuni ana picha elfu. Liyongo hana hata moja, na wanavyuoni hawajakubaliana hata juu ya zama alizoishi. "Shangazi," akaniuliza, "Liyongo alivaa nini?" Mimi niliyezaliwa Mombasa na kulelewa na hadithi hiyo nikajikuta sina jibu, kwa sababu masimulizi yanataja urefu wake, mashairi yake na mishale yake, lakini nguo zake yanazipita kama zisizo na maana. Kwa majuma matano kijana hakukata hata uzi. Alikwenda maktaba, akaenda Makumbusho ya Taifa, akarudi na daftari. Alisoma kwamba Wareno walioandika habari za pwani yetu walizisifu nguo za hariri za Pate, na kwamba mmoja wao, Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, alisimulia jinsi watu wa Sofala walivyofumua vitambaa vya rangi vilivyotoka Cambay, Bara Hindi, kisha wakazifuma nyuzi zake upya pamoja na pamba yao nyeupe. Alichora nakshi za siwa, zile baragumu za shaba na za pembe ya ndovu za Lamu na Pate, akasema hizo ndizo zitakuwa darizi zake. Mwishowe alichora mwenyewe picha tatu, ya mbele, ya nyuma na ya ubavu, na chini ya kila kipande akaandika kwa nini kipo na amekitoa wapi. Waandalizi walizikubali. Naona hiyo ndiyo kazi ambayo mwandishi yule hakuiona alipohesabu gharama, kwa kuwa haina risiti.

Hapa ndipo nilipokosea mimi. Usiku mmoja wa mwezi wa Juni, nilipokuwa sina kazi ya harusi mezani, nilizichukua zile picha zake nikakata joho jeusi, nikalitia bitana, nikalidarizi kifua chote kwa uzi wa dhahabu, nikaipigia kaba mishono miwili, na alfajiri ilipoadhiniwa nilikuwa nakata uzi wa mwisho. Nililitundika mlangoni ili alione akiingia. Alipokuja jioni kutoka chuoni alilishika, akalipindua nje ndani kama nilivyomfundisha, akapitisha kidole kwenye kila mshono, akaniambia, "Ni zuri mno, Shangazi. Lakini hili ni lako." Kisha akatoa karatasi ya kanuni mkobani.

Nilimbishia, na sidhani kama nilikuwa mpumbavu kwa kubisha. Kwetu sisi nguo ni ya fundi tangu zamani. Mtu hununua kitambaa, akapimwa, akarudi Ijumaa, akaambiwa arudi Jumatatu. Hakuna anayemwambia bibi harusi kwamba amedanganya kwa sababu hakushona gauni lake. Kijana alinisikiliza mpaka mwisho, maana ana adabu, halafu akajibu, "Bibi harusi hapewi alama kwa mshono, Shangazi." Nilikaa siku mbili simsemeshi.

Siku ya tatu aliniletea habari ambayo ilinigeuza moyo, na ambayo ningependa mzazi yule aisome. Katika kongamano la kwanza la dunia la mashabiki wa hadithi za kisayansi, lililofanyika New York mwaka 1939, watu wawili walifika wamevaa mavazi ya watu wa karne zijazo. Anayekumbukwa zaidi ni mwanamume, Forrest J Ackerman. Aliyeyashona mavazi yote mawili, lake na la mwanamume huyo, ni mwanamke aliyekuwa naye, Myrtle Douglas, ambaye mashabiki walimwita Morojo. Mwaka uliofuata, 1940, kongamano lilikuwa Chicago na mavazi yakashindanishwa rasmi. Mshindi alikuwa David Kyle, aliyevaa kama mwovu mmoja wa vibonzo vya zama hizo, na vazi lililompa ushindi lilikuwa limetengenezwa na mwanamke aliyeitwa Leslie Perri. Nimeisoma habari hiyo mara tatu. Katika mashindano ya kwanza kabisa ya namna hii fundi alikuwa mwingine na zawadi ikaenda kwa aliyevaa, na mimi, ambaye kila msimu wa harusi hushona nguo zinazosifiwa juu ya miili ya watu wasionijua jina, nikawa ndiye ninayetaka kijana wangu aipokee zawadi kwa njia hiyo hiyo. Tangu siku hiyo sikuigusa kazi yake tena kwa sindano. Namwonyesha juu ya kitambaa changu, yeye anafanya juu ya chake.

Alianza na merikani, ile pamba hafifu ya bei ndogo, akakata joho la majaribio. La kwanza lilimbana kwapani kwa sababu alisahau kwamba mvaaji atainua mikono kuvuta upinde. La pili lilikaa vyema akiwa amesimama na likapanda mpaka magotini alipopiga goti. Mambo haya hayajulikani kwa kutazama picha. Hujulikana kwa kupiga bandi, yaani kushikiza kwa mishono ya muda, kuvaa, kuvuliwa, kufumua na kupiga bandi tena. Amefumua sana mwaka huu. La tatu lilipokubali ndipo nilipomruhusu akate kitambaa chenyewe, ambacho, kwa taarifa ya mwandishi, ni pazia zito la mtumba alilolipata katika soko la Gikomba kwa shilingi 600, rangi ya damu ya mzee, lenye madoa mawili ambayo aliyapanga yaangukie ndani ya mikunjo. Pazia la pili, lililokuwa limechakaa kabisa, alilinunua kwa sababu ya nyuzi zake za dhahabu tu. Alikaa jioni tisa akizichomoa uzi mmoja mmoja na kuzizungusha kwenye kijiti, na kwa nyuzi hizo akadarizi kaba, akisema kwamba anafanya kama watu wa Sofala. Darizi yake si nzuri. Upande wa kushoto nakshi zimesongamana, upande wa kulia zimepumua kupita kiasi, na mtu akiwa na jicho ataona kabisa mahali alipojifunza. Hata hivyo muulize swali lolote juu ya mshono wowote wa kaba hiyo, atakujibu.

Kuna pia suala la umbo. Kijana wetu ni mwembamba na si mrefu, naye anataka kuwa jitu. Upana ulipatikana kwa mabega ya sponji ngumu: alijifunga kifua na mabega kwa nailoni nyembamba ya jikoni, akajizungushia utepe wa gundi juu yake, akachora mistari, nikamkata kwa mkasi nikamtoa humo kama ndizi ganda lake, na magamba hayo yakawa kipimo cha kukatia sponji. Sponji hupigwa hewa moto mpaka uso wake uzibe vitundu na ung'ae kidogo, ikakunjwa ingali moto, ikashikiliwa hata ipoe. Haihitaji zaidi ya hapo, kwa kuwa itafunikwa na joho. Urefu ulileta matata zaidi. Alikata soli za kandambili kuukuu, akazipanga na kuzigandisha moja juu ya nyingine mpaka akapata inchi nne, kisha akagundua kwamba kwa viatu hivyo anaweza kusimama na kutembea lakini hawezi kupiga goti, ilhali kupiga goti ndiyo roho ya onyesho lake lote. Alihangaika na jambo hilo kwa muda mrefu kuliko jambo lingine lolote. Suluhisho lilitoka kwa fundi viatu wa jirani yangu, aliyemwambia aikate soli kukingama pale vidole vinapokunjika na aichonge ncha ya mbele kwa mshazari. Nami nikamshauri apandishe upindo wa mbele wa joho kwa vidole vinne ili asiukanyage akiinuka. Ameandika majina yetu wote wawili kwenye karatasi yake ya maelezo, pamoja na kila alichosaidiwa. Kuhusu mvuke wa gundi na vumbi la sponji inapopigwa msasa, sheria ya duka langu ni mlango wazi na barakoa usoni, na asiyetaka atafute duka lingine.

Upinde ulimfunza kanuni nyingine. Kongamano haliruhusu silaha inayoweza kufanya kazi, na upinde unaorusha mshale ni silaha hata ukiwa wa maigizo. Alichukua bomba la plastiki la maji, akalijaza mchanga wa moto ili lilainike bila kujikunja vibaya, akalipinda, akalivika sponji na kulipaka rangi ya mti. Uzi wake ni lastiki ya suruali, ambayo haiwezi kumrushia mtu hata punje ya mahindi, na mshale umefungwa kwenye upinde wenyewe, ncha yake ni sponji. Sindano ya shaba nayo si shaba bali ni kijiti kilichopakwa rangi, butu pande zote. Mara ya kwanza aliposafiri na upinde huo kuja dukani, kondakta wa matatu alimtoza nauli ya watu wawili, na kusema kweli sioni kosa la kondakta. Sasa upinde unatenguka katikati na kuingia mfukoni mwa gunia.

Alitaka pia kujipaka masizi na mafuta mikononi ili misuli ionekane kwenye taa. Nilimkataza kwa sababu ya joho, lakini yeye mwenyewe alikuwa na sababu bora zaidi. Mwaka 1972, katika kongamano la mashabiki lililofanyika Los Angeles, mchoraji Scott Shaw alipanda jukwaani akiwa mhusika wa kibonzo chake, amejipaka siagi ya njugu mwili mzima, akachafua vitu na mavazi ya wenzake, na tangu siku hiyo siagi ya njugu ikapigwa marufuku katika mashindano ya kongamano hilo. Rangi ya mwili ni lazima ikauke na isimshike mtu mwingine. Kijana amechagua wanja na poda, na kwa mbali yatosha.

Sasa nirudi kwenye pesa, kwa kuwa ndiyo hoja ya mwandishi. Hesabu ya daftari inaonyesha kwamba mpaka jana kijana alikuwa ametumia shilingi 5,940, yakiwemo mapazia, merikani, gundi, rangi, bomba, kikoi kipya na nauli. Si pesa kidogo kwa mwanafunzi, lakini si pesa za kuagiza vazi ng'ambo. Hata hivyo nitakuwa mwongo nikisema kwamba mwandishi hana ukweli wowote. Hesabu hiyo haitaji cherehani, kwa sababu ya shangazi. Haitaji meza ya kukatia, pasi nzito, taa nzuri, wala mtu wa kusimama nyuma yake akamwambia kitambaa kina uelekeo. Kijana asiye na hayo ataanza mbio mita mia nyuma ya mwenzake hata kama wote wawili wana mapazia ya Gikomba. Tofauti ninayoiona iko hapo, wala haiondolewi kwa kuwakataza wenye pesa wasishiriki.

Waandalizi ndio wanaoweza kuipunguza, na kwao nina maneno mawili matatu. Mwaka jana jedwali la alama, yaani ni alama ngapi za ushonaji, ngapi za kufanana na mhusika, ngapi za jukwaani, liliwafikia washindani siku nne kabla ya shindano. Siku nne hazimsaidii mtu aliyeshona miezi minne. Angejua mapema kwamba upande wa ndani wa vazi una alama zake, asingemaliza rangi na muda kwenye upanga. Litolewe siku usajili unapofunguliwa. Pili, washindani wapangwe kwa uzoefu, kama inavyofanywa katika mashindano mengi ya nje: wanaoanza peke yao, waliokwisha kushinda peke yao. Tatu, fomu iwe na mahali pa kuandika msaada uliopokewa na kwa nani, na msaada uliotajwa usihesabiwe kuwa aibu, ila alama za ufundi zitolewe kwa kile alichokifanya mshindani. Kijana anayejifunza kwa fundi hana haja ya kuficha, na fundi naye hana haja ya kushona gizani kama nilivyoshona mimi.

Lililobaki ni jukwaa, ambalo tumepewa sekunde 90. Liyongo wa kijana wetu anaingia polepole kwa mdundo wa gungu, anafika katikati, anashika kitovu, anapiga goti, anavuta upinde, kisha hafanyi kitu. Amepanga akae hivyo sekunde 20 bila kupepesa macho. Rafiki zake wamemsihi azipunguze, wakisema ukumbi uliozoea mapigano na miruko utadhani amesahau zamu yake, na kwamba nusu ya waliopo hawamjui Liyongo kamwe. Hofu yao ina msingi, nami nimemwomba ampe mtangazaji sentensi mbili za kusoma kabla hajaingia. Sekunde zenyewe nimemwambia asipunguze hata moja. Anafanya mazoezi kwenye ujia kati ya duka langu na la fundi viatu, na juzi mama mmoja aliyekuja kuchukua sare za shule alimkuta amepiga goti na upinde umevutwa, akasimama mlangoni na watoto wake wawili, akangoja. Hakuthubutu kumpita.

Bado hajamaliza. Kilemba hakijakaa, upindo wa nyuma una bandi tu, na bega la kushoto linalia akigeuka. Lile joho langu jeusi lingali limetundikwa ukutani. Limeulizwa bei mara mbili, sijaliuza.

Kwa mzazi aliyeandika, nina neno moja zaidi. Siku za Jumapili sifungui duka kwa wateja, na mashine mbili hukaa bure kuanzia saa nne asubuhi. Anwani yangu unayo, Mhariri, nami nakuruhusu umpe. Mwanawe akija, aje na picha za mhusika wake na kitambaa chochote alicho nacho, hata kama ni shuka, na aje akijua kwamba sitamshonea. Mashine iliyo karibu na dirisha huruka mishono kidogo kitambaa kikiwa kizito. Aanze na ile nyingine.

Wako,
Fundi cherehani,
Nairobi
(Jina limehifadhiwa kwa ombi la mwandishi)